Kabla ya Kupiga Windows

Ilikuwa yapata saa nne usiku, nimeketi sebuleni kwa mama mdogo, Ngamiani, Tanga, na juu ya meza ya chakula mbele yangu ilikuwapo kompyuta mpakato yake, feni ikivuma kama vile ina kazi nzito, ilhali kioo kilikuwa cheusi tititi isipokuwa mshale mdogo mweupe wa kipanya. Nikisogeza kidole, mshale unasogea. Hapakuwa na kingine. Alama ya Windows ilikwisha kuonekana, vidoti vikazunguka kwa muda wake wa kawaida, kisha giza. Flashi ninayoining'iniza kwenye funguo za nyumba, yenye Windows kamili iliyo tayari kusakinishwa, nilikuwa nimekwisha kuichomeka ubavuni mwa mashine kabla hata sijauliza ilianza lini.

Mama mdogo alikuwa amesimama nyuma ya kiti changu, kanga mabegani, na alikuwa na swali moja tu.

"Mwanangu, na vitabu vya kikundi havitafutika?"

Vitabu alivyovitaja ni hesabu za VICOBA yao: hisa, mikopo, marejesho, faini za waliochelewa vikao, vyote ndani ya faili moja ya Excel ambayo yeye kama katibu ndiye huijaza kila Jumamosi. Nilifungua kinywa nimwambie kwamba tutaangalia. Kabla neno halijatoka nikakumbuka kuwa hilo ndilo jibu nililompa Mwalimu, wiki tano nyuma, mbele ya giza kama hili na mshale kama huu.

Niliichomoa flashi.

## Maneno ya Mwalimu

Mwalimu ni jirani yangu. Amestaafu, na mtaa mzima humwita kwa cheo hicho tu kana kwamba jina lake halisi lilibaki shuleni. Tangu alipostaafu alikuwa akikusanya maneno ya Kidigo, lugha ya mama yake: anapanda basi kwenda Mkinga, anakaa na wazee siku mbili tatu, anarudi na karatasi zake, kisha anayachapa kwenye kompyuta kwa vidole viwili, neno, maana yake kwa Kiswahili, na sentensi ya mfano. Alikuwa ameifanya kazi hiyo kwa miaka minne.

Aliponiletea mashine yake haikupita nusu saa nikaamua. Nilimuuliza kama ana nakala ya kazi zake mahali pengine, akasema nadhani mjukuu aliziweka mtandaoni. Akaniuliza kama vitu vyake vitabaki, nikasema tutaangalia. Nilifuta kila kitu, nikaweka Windows mpya, na ilipowaka kwa wepesi ambao haijawahi kuwa nao akanishukuru, akanipa shilingi 15,000 na mfuko wa machungwa ya Muheza.

Asubuhi yake alirudi.

"Yale maneno yangu umeyaweka wapi?"

Hapakuwa na kitu mtandaoni. Kilichokuwapo ni karatasi alizochapisha steshenari zamani kidogo, zinazoishia herufi ya M. Nilijaribu programu za kufufua faili kwa usiku mbili. Kwenye diski ya kizamani inayozunguka ningekuwa na matumaini, kwa kuwa kufuta kule huwa ni kuondoa orodha tu na data yenyewe hubaki mpaka iandikiwe juu. Lakini mashine yake ilikuwa na SSD, diski isiyozunguka, na kwenye SSD mfumo hutuma amri iitwayo TRIM inayoiambia diski kwamba nafasi fulani hazihitajiki tena, nayo diski huzisafisha kwa wakati wake bila kumuuliza mtu. Nilipata majina machache ya faili. Nilipoyafungua, ndani yalikuwa matupu.

Mwalimu hakunigombeza, na nafikiri ndiyo sababu jambo hili halikuniacha wiki zote tano.

## Tunachokiita kupiga Windows

Huku kwetu hakuna anayesema kusakinisha mfumo upya. Tunasema kupiga Windows. Kompyuta nzito? Ipige Windows. Imeingia virusi? Ipige. Haiwaki? Piga. Fundi anapenda njia hii kwa sababu ambazo sitazidharau, maana nami ninazo: bei yake inajulikana, muda wake unajulikana, matokeo yake hayana ubishi, na mteja anaondoka na kitu kinachong'aa. Kutafuta chanzo cha tatizo hakuna bei. Unaweza kukaa saa tatu ukaishia kusema kilichokuwa kikisumbua ni kitu kimoja kidogo umekiondoa, na mteja atashangaa kwa nini alipe elfu kumi na tano kwa kitu kidogo.

Hata hivyo, kupiga Windows hakujibu swali lolote. Tatizo linaondoka pamoja na ushahidi wake, na siku likirudi unakuwa mgeni kwalo kama mara ya kwanza.

## Mlango uliohamishwa

Kwa mama mdogo nilianza na jambo la kitoto. Nilibonyeza kwa pamoja kitufe cha Windows, Ctrl, Shift na herufi B, mchanganyiko ambao huiamuru Windows kuanzisha upya sehemu inayochora picha kwenye kioo. Mashine ikalia mlio mmoja mfupi, na giza likabaki palepale.

Mlio ule ulinifanya nikae vizuri kwenye kiti. Maiti haiitiki. Kama mashine imesikia vitufe na ikajibu, basi Windows ilikuwa hai mle ndani, na kilichoharibika ni kitu kati yake na kioo. Wiki tano nyuma sikubonyeza chochote.

Mahali pa kwenda palikuwa pale ambapo mafundi tunapaita sefu modi, na katika makala hii nitapaita hali salama: namna ya kuiwasha kompyuta ikiwa na vitu vichache kabisa vya lazima ili uweze kuingia ndani na kutengeneza. Sisi tulioshika kompyuta zama za Windows XP tuliingia huko kwa kitufe cha F8, ukikidonoadonoa kama kuku tangu mashine inapowaka mpaka menyu nyeupe kwenye weusi itokee. Hali hiyo ilikuwapo tangu Windows 95 iliyotoka Agosti 1995. Ndugu yake wa maofisini, Windows NT 4.0, hakuwa nayo, na ukoo ule wa NT ulisubiri mpaka Windows 2000 ndipo ukaipata. Kisha mwaka 2012 ikaja Windows 8, na F8 ikanyamaza. Microsoft walieleza kwamba mashine mpya zilikuwa zinawaka haraka mno, kiasi kwamba muda uliobaki wa kukidaka kitufe hicho ulikuwa chini ya milisekunde 200. Hakuna kidole cha binadamu kinachoweza kuahidi miadi ya namna hiyo.

Kwa hiyo mlango ulihamishwa. Ukiwa ndani ya Windows unashikilia Shift huku ukibofya kitufe cha kuwasha upya. Lakini mtu aliye mbele ya kioo cheusi hawezi kubofya asichokiona, na kwa huyo imebaki njia ambayo bado naionea haya kila ninapoifanya: unaiwasha mashine, alama ikitokea unashikilia kitufe cha umeme mpaka izimike kwa nguvu, unarudia, unarudia tena, mpaka Windows ijihesabie kwamba imeshindwa kuwaka na ijipeleke yenyewe kwenye chumba cha matengenezo. Yaani unaigiza ajali ili gari la wagonjwa lije. Mara ya tatu maandishi ya maandalizi ya ukarabati yalitokea chini ya alama, na mama mdogo, aliyekuwa akinitazama nikiizima mashine yake kikatili mara mbili, alivuta pumzi kwa sauti.

Kutoka hapo unachagua utatuzi wa matatizo, halafu chaguo za juu, halafu mipangilio ya kuwashia, halafu unairuhusu ijiwashe upya. Nilifanya hivyo, na badala ya menyu niliyoitarajia kikaja kioo cha buluu kinachodai tarakimu 48.

## Sita na tisa

Hapa ndipo wengi hukata tamaa, na sitasema uongo, mkono wangu uliifuata flashi tena.

Kompyuta nyingi za siku hizi huja na diski iliyosimbwa, kazi inayofanywa na BitLocker, kifungio kilichomo ndani ya Windows, na mwenyewe huwa hana habari. Ni jambo jema mashine ikiibwa, kwa sababu mwizi hawezi kusoma kilichomo hata akiichomoa diski. Lakini ukitaka kuingia kwa mlango wa matengenezo, mashine haikutambui, inakudai ufunguo wa urejeshaji, na ufunguo huo mara nyingi huhifadhiwa kwenye akaunti ya Microsoft iliyotumika siku mashine ilipofunguliwa mara ya kwanza. Ni akaunti ya nani? Mama mdogo alisema yeye hana akaunti yoyote, ana WhatsApp. Nikahofia ni ya muuzaji, maana wapo wauzaji wanaofungua mashine kwa barua pepe zao wenyewe ili mteja aione inawaka, kisha hawakumbuki tena walitumia ipi.

Tulimpigia simu binamu yangu aliye chuoni Dodoma, ambaye ndiye aliyeitoa mashine kwenye boksi. Alikuwa amelala. Alichukua kama dakika kumi kufungua akaunti yake, na humo, chini ya jina la mashine ya mama yake, ufunguo ulikuwapo: makundi manane ya tarakimu sita sita.

Akaanza kunisomea.

Yeyote aliyewahi kupokea namba kwa simu kwa Kiswahili anajua shida ya sita na tisa. Ni silabi zile zile zimegeuzwa, na mtandao ukikwaruza kidogo huwezi kuapa umesikia ipi. Kundi la tatu nililiandika na mashine ikalikataa papo hapo, kabla hatujafika la nne. "Rudia." "Nimesema tisa." "Tisa ile kubwa?" "Kwani kuna tisa ndogo, kaka?" Mama mdogo akaishika simu na kumwamuru mwanawe ahesabu kwa vidole.

Baadaye nilifurahi kukumbuka kwa nini mashine iliweza kutukamata mapema. Kila kundi la tarakimu sita katika ufunguo huo limetengenezwa ligawanyike kwa 11 bila kubakisha. Ukikosea tarakimu moja tu, kundi haligawanyiki tena, na kosa linajulikana hapo lilipo badala ya kungoja tarakimu zote 48. Aliyebuni jambo hilo hakuwa na habari ya sita na tisa zetu, lakini usiku ule alitusaidia kana kwamba alizijua.

## Maneno kwenye pembe nne

Menyu ilikuja. Namba 4 ni hali salama tupu, 5 ni hali salama yenye mtandao, 6 ni ya wale wanaotaka kuandika amri kwa mkono. Nilibonyeza 4. Sikutaka mtandao, kwa sababu nilishaanza kushuku kuwa kilicholeta shida kilikuja kwa njia hiyo hiyo, na sikutaka kikaribishwe mara ya pili nikiwa bado nakitafuta.

Kioo kikawaka.

Kwa asiyeizoea, sura ya hali salama inatisha kidogo. Mandhari ni meusi, picha ya wajukuu haipo, alama ni kubwa na zimekaa vibaya, hakuna sauti, printa haifanyi kazi, na kwenye kila pembe ya kioo yameandikwa maneno "Safe Mode" kama bango la polisi. Mama mdogo alidhani ndiyo tumeiharibu kabisa. Mimi nilikuwa natabasamu. Kabla ya kugusa kingine chochote nilitafuta faili la VICOBA, nikainakili kwenye flashi, nikalifungua kutoka kwenye flashi hiyo hiyo, na mama mdogo akasoma kwa sauti jina la mwanachama anayedaiwa faini ili ahakikishe ni lenyewe.

Kinachotokea ukibonyeza ile namba 4 ni rahisi kuliko sura yake. Ndani ya sajili ya Windows, yaani hifadhi ya mipangilio yake, kuna tawi liitwalo SafeBoot, lenye matawi mawili, Minimal na Network, na humo imeorodheshwa kila draiva, yaani programu inayoiwezesha Windows kukitumia kifaa fulani, na kila huduma inayoruhusiwa kuingia katika hali hiyo. Asiyekuwa kwenye orodha haingii. Draiva ya kadi ya picha iliyotengenezwa na kampuni yake, yenye mbwembwe zote, inaachwa nje, na badala yake inatumika draiva moja ya msingi ya Microsoft ambayo haijui lolote isipokuwa kuchora kioo. Programu zinazojianzisha zenyewe nazo zinabaki nje.

Bibi yangu alikuwa akifanya hivyo hivyo kwa tumbo. Mtoto akiharisha alisimamishiwa kila kitu, akapewa uji mweupe usio na sukari wala ndimu kwa siku nzima. Uji haukuwa dawa, na bibi hakuwahi kudai kuwa ni dawa. Tumbo likitulia alijua kosa liko kwenye kilicholiwa, na kesho yake anarudisha maziwa, keshokutwa samaki, akitazama ni kipi kitalichafua tena. Tumbo lisipotulia hata kwa uji, mtoto alipelekwa Bombo hospitali bila mjadala.

Hali salama ni ule uji. Kioo kilichokuwa cheusi kikiwaka humo, umejua kwamba chuma ni kizima, kiini cha Windows ni kizima, na mkosaji yuko miongoni mwa wale walioachwa nje ya orodha. Niliufungua ukurasa wa vifaa, nikaenda kwenye kadi ya picha, na orodha ya matukio yake ikaonyesha kuwa draiva imebadilishwa siku mbili kabla, yaani usiku ule ambao mama mdogo alikumbuka mashine ilimwambia asizime kwa kuwa inajisasisha. Nikabofya kitufe cha kurudisha draiva ya awali, nikawasha upya kwa njia ya kawaida, na wajukuu wakarudi kwenye kioo wakicheka.

Ilikuwa saa sita kasoro dakika ishirini. Nusu ya muda wote huo ilikwenda kwenye tarakimu 48.

## Ijumaa ile ya Julai

Nikirudi nyumbani na bodaboda nilikuwa nikiifikiria Ijumaa ya tarehe 19 Julai 2024. Kila anayefanya kazi hizi anaikumbuka. Saa moja na dakika tisa asubuhi kwa saa zetu, CrowdStrike, kampuni ya Marekani inayouza ulinzi wa kompyuta kwa mashirika makubwa, ilituma sasisho lenye kasoro kwa wateja wake, na ingawa ililiondoa saa mbili na dakika ishirini na saba, zile dakika 78 zilitosha: Microsoft ilikadiria kwamba mashine milioni 8.5 ziliathirika, zikawa zinaanguka kila zinapojaribu kuwaka. Shirika la ndege la Delta peke yake lilifuta takriban safari 7,000 katika siku zilizofuata.

Kinachonigusa katika kisa hicho ni tiba yake. Mashine isiyowaka haiwezi kupokea marekebisho kutoka mbali, kwa hiyo kwa mashine nyingi ilibidi mtu aende kwa miguu, aiwashe katika hali salama au katika chumba cha matengenezo, aingie kwenye folda ya draiva za CrowdStrike, afute faili ambalo jina lake linaanza na C-00000291, kisha awashe upya. Mashine moja baada ya nyingine. Na wengi walikwama pale pale tulipokwama sisi na mama mdogo, kwenye tarakimu 48, tena wengine funguo zao zilikuwa zimehifadhiwa kwenye seva ambazo nazo zilikuwa zimeanguka. Miezi minne baadaye Microsoft ilitangaza kwamba inatengeneza njia ya kuzirekebisha kutoka mbali mashine zilizoshindwa kuwaka.

Wale mafundi walikuwa na mashine mamia, viwanja vya ndege vimejaa watu, wakubwa wanapiga simu. Wakafuta faili moja. Mimi nilikuwa na mashine moja na jioni tulivu, nikafuta miaka minne.

## Mlango haumchagui mgeni

Sitaki kuipamba hali salama kupita kiasi. Orodha inayowaacha nje wasumbufu huwaacha nje na walinzi. Tulipokuwa vijana, kwenye kafe za intaneti, kuna waliojua kwamba programu ya kuhesabu dakika haipandi ukiwasha mashine katika hali salama yenye mtandao, na waliperuzi bure mpaka mwenye kafe alipogundua yale maneno kwenye pembe nne. Windows XP ile ya nyumbani ilikuwa na akaunti ya msimamizi iliyofichwa, isiyoonekana isipokuwa humo, na mara nyingi haikuwa na nywila. Wahalifu wakubwa walijifunza somo lile lile: mwaka 2019 watafiti wa Sophos walieleza kuhusu kirusi cha kudai fidia kiitwacho Snatch, ambacho huilazimisha kompyuta ijiwashe katika hali salama ili kizisimbe faili wakati antivirusi imelala.

Na ipo mitego midogo. Kwenye programu ya msconfig kuna kisanduku cha kuiamuru Windows iwake katika hali salama. Ukikitia alama ukasahau kukiondoa, kila ukiwasha unarudi humo humo. Nimewahi kuzunguka kwenye duara hilo mchana kutwa nikiilaumu mashine.

## Nisichoweza kujua

Jambo lililonikosesha usingizi usiku ule lilikuwa jingine. Sina hakika kwamba mashine ya Mwalimu ingepona.

Kioo cheusi chenye mshale kina asili nyingi. Huenda ni draiva ya picha kama ya mama mdogo. Huenda ni akaunti ya mtumiaji iliyoharibika, au ile programu inayochora dawati na menyu imeshindwa kuanza, au diski imeanza kufa. Nikisema ningebonyeza namba 4 na maneno ya Kidigo yangekuwapo, najitesa kwa jambo ambalo sina ushahidi nalo. Nikisema haingesaidia kitu, najifariji kwa jambo ambalo sina ushahidi nalo vilevile. Ushahidi niliufuta mimi.

Ninachokijua ni kwamba kama ingewaka katika hali salama, faili ningelitoa kwanza. Na kama isingewaka, bado ningeweza kuanzisha Linux, mfumo mwingine usio Windows, kutoka kwenye flashi na kuchungulia diski kutokea nje, au kuichomoa diski na kuiunganisha na mashine yangu. Yote hayo nilikuwa nayajua miaka mingi kabla ya kukutana na mashine yake. Nilitafuta sababu kubwa ya kwa nini sikuyafanya, na sikuipata. Jioni ile kulikuwa na mechi Mkwakwani, nami nilitaka kuiwahi.

## Kaunta buku

Nilikwenda kwake Jumapili, baada ya alasiri. Nilimkuta barazani, miwani puani, kaunta buku ya kurasa nyingi imefunguliwa mapajani, karatasi zake za steshenari zimebanwa kwa jiwe ili upepo wa bahari usizichukue.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Niko kwenye N."

Nilimweleza yote: mashine ya mama mdogo, mlio, namba 4, draiva, na kwamba huenda yake ingepona na huenda isingepona, na kwamba sikujaribu. Nilimtajia na mechi. Alisikiliza bila kunikatiza, kalamu ikiwa hewani.

"Ingechukua muda gani kujaribu?"

"Nusu saa. Pengine pungufu."

Alitazama barabarani kwa muda. Kisha aliligeuza daftari, akalifungua ukurasa wa mwisho kabisa, akanipa kalamu.

"Niandikie hizo hatua. Zote. Mjukuu naye anayo mashine."

Niliandika polepole kwa herufi kubwa kubwa, kama nilivyofundishwa darasa la pili: iwashe, alama ikitokea izime kwa kushikilia kitufe, alafu rudia mpaka ukurasa wa matengenezo uje, alafu uchague mipangilio ya kuwashia, alafu namba 4. Alilivuta daftari kabla sijamaliza. Akatoa kalamu nyekundu mfukoni mwa shati, akatia h mbele ya alafu ya kwanza, akatia kwenye ya pili, akatia kwenye ya tatu, kisha akanirudishia.

"Endelea. Baada ya nne?"